Miaka Minne kwa Jua

Siku Muhamadi alipokuja kumwambia Maimunah kwamba mumewe, Huzaifa, amebakiza wiki moja ya kuwa hai, Maimunah alikuwa amepiga magoti mbele ya bati, chaki mkononi, anatafuta mwaka wa sayari ya Mushtarii.

Bati lenyewe lilikuwa la Oloo. Katika Katwe nzima, na kelele zake zote za nyundo, hakuna fundi mwingine ambaye angekubali mama wa chai amchoree mahesabu kwenye mali yake. Oloo alikuwa Mjaluo kutoka Kenya, aliyekuja Kampala kutafuta riziki wakati wenye Kampala yao walikuwa wanaikimbia. Asubuhi Maimunah aliwachemshia mafundi chai na kuwakaangia mandazi kibarazani pake; wateja wakipungua, alichukua chaki akaandika. Jioni Oloo alilikata bati lile, akalikunja, akaligonga mpaka likawa jiko la makaa, ambalo watu wa huku huliita sigiri. Kwa hiyo mwaka wa Mirihi ulikuwa jikoni kwa mtu Lubaga, na kipande cha mwaka wa Zohali kilikuwa kinachemsha maharage Bugolobi, na aliyekula maharage hakujua.

"Shemeji," Muhamadi akasema. Alikuwa mdogo wake Huzaifa, dereva wa lori, mtu mpana aliyezoea kuinama kila mlangoni. "Sheikh Marjani amepiga hesabu. Ijumaa ijayo miaka minne inatimia."

Maimunah hakugeuka. "Inatimia Januari."

"Hiyo Januari ni ya kalenda ya ukutani. Sheikh anahesabu kwa mwezi."

Chaki ikasimama.

Alikuwa amekosea, na kosa lenyewe lingeweza kumpata mke wa mwalimu wa hesabu tu, tena Mwislamu. Ramadhani aliifunga kwa mwezi, Idi aliila kwa mwezi, hata siku zake za kike alizihesabu kwa mwezi. Lakini kutokuwepo kwa mumewe alikuwa amekuhesabu kwa kalenda ya shule, kwa sababu Huzaifa alikuwa mtu wa shule. Hakupata kufikiri kwamba wazee wangekuwa wanaihesabu miaka ileile kwa taa nyingine. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Ukirudia mara nne, unakuwa umemnyima mtu mwezi na nusu.

"Nipe chai, ongeza sukari, nimetoka mbali," Muhamadi akasema kwa upole, akakaa juu ya debe. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana watu wanapenda hadithi iwe na mbaya aliye karibu, ili wasisumbuke kumtafuta aliye mbali.

Na ili ieleweke mwezi na nusu una uzito gani, lazima ikumbukwe Huzaifa aliondokaje. Ikumbukwe, kwa sababu mji huu umefundishwa kusahau kama watoto wanavyofundishwa kunawa mikono. Ilikuwa ile wiki ya Januari themanini na sita, mji ulipobadilisha watawala. Waliokuja mtaani walikuwa na bunduki. Wengine wamevaa sare, wengine wamevaa sare za wenzao waliokufa, wengine hawana sare kabisa. Hakuna mpaka leo anayeweza kuapa walikuwa wa upande gani, na kila upande ukiulizwa unauonyesha mwingine kwa kidole. Waliuliza kitu kimoja: nani hapa Mnubi?

Maana Mnubi alikuwa Mnubi. Babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudani kuja kupigana vita vya watu wengine, na tangu hapo kila aliyeitawala nchi hii alipokimbia, dhambi zake ziligawiwa Wanubi, kila nyumba na fungu lake. Huzaifa hakuwahi kushika kitu kirefu kuliko rula ya ubaoni. Wakampandisha kwenye pikapu. Anakwenda kujibu maswali mawili, wakasema, atarudi kabla chai haijapoa. Lazima maswali yale mawili yalikuwa magumu.

Wazee wa Kinubi wanafuata njia waliyokuja nayo kutoka Sudani: mume akipotea, habari zake zisijulikane, mke anangoja miaka minne. Ikitimia, mume anahesabiwa amekufa. Anasomewa. Mke anakaa eda ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru. Ni sheria ya huruma. Iliwekwa ili mwanamke asizeeke akichungulia njia. Lakini Maimunah alikuwa na jambo lake Januari.

Kila Januari, sikukuu ya ushindi ikifika, huwa wanaachiwa wafungwa wachache kwenye lango moja kubwa, nalo lango hilo halina haja ya kutajwa. Waliosimama pale wanalijua. Maimunah alikuwa amesimama pale Januari tatu. Ya kwanza hakutoka mtu anayemjua. Ya pili akatoka mume wa Alal. Alal alikuwa Mwacholi, mumewe askari wa jeshi lililoshindwa, na kila mtu alikuwa ameshamwambia Alal asuke nywele atafute mwingine. Mtu akatoka, amekonda kama uzi wa sindano, anaona haya kwa sababu ya viatu vyake. Maimunah alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa Alal. Alimwona Alal akishika kidevu cha yule mwanamume na kukigeuza huku na huku, kama mtu anayekagua bakuli kama lina ufa. Tangu siku ile hakuna sheikh wala daktari wala jirani aliyeweza kumwambia Maimunah kitu.

Ya tatu, hakuna. Sasa ilikuwa inakuja ya nne. Na Ijumaa ijayo wangemwita mjane na kumfungia ndani. Nani angekuwa langoni?

"Muhamadi, ngojeni Januari," akasema. "Ikipita, nitakaa eda hata mara mbili."

"Mama hafiki Januari."

Maimunah akageuka sasa.

"Daktari ametuambia jana. Moyo umechoka, maji yamejaa miguuni. Anataka kitu kimoja tu, shemeji. Anataka amsomee mwanawe. Amesema asizikwe kabla hajamwombea kwa mdomo wake mwenyewe." Muhamadi akautazama ubao wa bati, namba zilizopangwa juu yake. "Na wewe uko hapa unahesabu nyota."

"Sayari."

"Haya, sayari. Zina faida gani?"

Oloo aliyekuwa anagonga pembeni akasimamisha nyundo. "Wacha, bwana. Kila mtu na dawa yake ya usingizi. Mimi ni bia."

Muhamadi hakucheka. Alimaliza chai yake, akaondoka.

Zilikuwa na faida gani? Miaka ile kabla ya vita kuisha, wakati amri ya kutotoka nje ilipokuwa inawafungia watu ndani jua lingali linawaka, Huzaifa na Maimunah walikuwa wanakaa sakafuni na kipande cha mkaa. Nje risasi, ndani hesabu. Maimunah aliiacha shule darasa la saba, na Huzaifa alisema ni vibaya mtu kuachia hapo, kabla ya sehemu tamu. Sehemu tamu ilikuwa hii: chukua umbali wa sayari kutoka kwenye jua, ukiuita umbali wa Dunia moja. Uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa wenyewe tena. Sasa tafuta namba ambayo ikijizidisha yenyewe italeta jibu hilo. Namba hiyo ndiyo miaka ambayo sayari inachukua kulizunguka jua mara moja. Mushtarii umbali wake ni tano na kidogo. Ukizidisha mara zote unapata mia moja na arobaini. Kumi na mbili ikijizidisha inapita kidogo, kumi na moja inapungua. Basi mwaka mmoja wa Mushtarii ni karibu kumi na miwili yetu.

"Fikiria," Huzaifa alikuwa anasema, mikono imejaa mkaa, "hakuna aliyekwenda huko na saa. Mtu amekaa tu nyumbani kwake, anajua kitakachorudi na lini."

Hapo ndipo palipomshika Maimunah, na ndipo palipokuwa panamshika hata sasa.

Kesho yake alipanda Kibuli kwa mama mkwe wake.

Hajati Kulusum alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, miguu imevimba kama ya mtu mwingine, iliyoazimwa. Mikononi alikuwa na kawa. Wanawake wa Kinubi wanasifika kwa kawa hizi za kufunikia chakula, za ukindu uliotiwa rangi, ambazo husukwa kuanzia katikati, duara juu ya duara, mpaka ukingoni. Vidole vyake bado vilikuwa vinafanya kazi. Ndivyo pekee ambavyo havijapewa habari.

"Umekuja kunibembeleza au kugombana?" akauliza.

"Kukusalimia, Mama."

"Muongo. Kaa. Muhamadi anasema umewazulia wazee mwaka mpya."

"Sijazua. Kuna miaka mingi tu."

"Nionyeshe."

Maimunah akaichukua kawa, akaweka kidole katikati. Hapa jua. Duara hili la ndani kabisa ni Zebaki, hili Zuhura, hili sisi. Akaenda nje, duara la manjano. Huyu Mushtarii.

Kulusum akatazama. "Duara la nje ni refu, linachukua muda mrefu kulimaliza. Hilo hata mbuzi angekuambia. Umesomeshwa hili na mwanangu usiku kucha?"

"Siyo urefu tu, Mama. Wa nje anakwenda polepole pia. Jua linamvuta kidogo. Njia ndefu na miguu mizito."

"Kama wanaume wanaofanya kazi mbali."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamletea Kulusum kikohozi, na kikohozi kikakaa muda. Kilipokwisha alikuwa ameacha kucheka.

"Hesabu hiyo inasema mtu yuko wapi?"

"Inasema atachukua muda gani kurudi pale alipokuwa."

"Atarudi?"

"Sayari zinarudi, Mama."

"Mwanangu siyo sayari." Akaichukua kawa yake. "Nisikilize. Nimezaa sita, nimezika wanne. Hao wanne ninalala nao vizuri. Nawajua walipo, nawasomea, wanatulia, natulia. Huyu mmoja ndiye anayeniamsha. Nikitaka kumwombea rehema, ulimi unaogopa: labda yu hai, nisimchulie. Nikitaka kumwombea arudi salama, ulimi unaogopa: labda amekufa, nisimcheke. Miaka minne sijui nimwombee nini. Wewe unajua maana yake? Mama hana la kumwambia Mungu."

"Akitoka Januari, akute ameshasomewa?"

"Atacheka. Huzaifa alipenda kucheka. Mimi nitaona haya siku moja, kisha nitakuwa na mwanangu. Hasara iko wapi?"

"Mimi nitakuwa ndani, Mama. Atatoka, atazame huku, atazame huku, asione mtu. Wenzake wote wameshikwa mikono. Atajua tulimzika. Atakwenda wapi?"

Kulusum aliirudia kawa. Akavuta unyuzi wa ukindu, akautia mate, akaupitisha. Akasema, bila hasira, "Basi mmoja wetu ataumia. Mungu aangalie nani mwenye nguvu zaidi," na haikujulikana alikuwa anamtaja nani.

Huo ndio ubaya wenyewe, na kama kuna mtu anataka kuupima ubaya wa waliokuja na pikapu, apimie hapo. Kumchukua mtu ni jambo moja. Lakini kumchukua na kunyamaza, mpaka mama yake na mke wake, waliompenda sawasawa, wakae chumba kimoja wakinyang'anyana siku arobaini na kitu, hiyo ni kazi inayoendelea kufanyika hata mwenye bunduki akiwa amelala kwake, ameshiba, amepandishwa cheo.

Alhamisi wazee wakakaa sebuleni kwa Muhamadi, nyumba hiyohiyo ya Kibuli. Chumba cha Kulusum kilikuwa nyuma ya pazia, na pazia halizuii neno. Sheikh Marjani alikuwa mzee mrefu aliyekauka, mwenye jicho moja lenye ukungu.

"Mwaka ni mwaka, binti yangu," akaanza.

"Mwaka wa nani, Sheikh?"

Wazee wakatazamana.

"Sikutovukii adabu. Mwezi unaizunguka Dunia, hiyo ni hesabu yenu na yangu, nafunga nayo. Dunia inalizunguka jua, ni hesabu nyingine. Mushtarii ana yake, mmoja wake ni kumi na miwili yetu. Zote kaziumba Mungu mmoja."

"Sasa atatuambia tungoje minne ya huyo Mushtarii," mzee mmoja akasema. "Mimi nitakuwa udongo."

"Afadhali huyo," Muhamadi akasema. "Kuna mwingine, Zohali. Shemeji, wa Zohali ni mingapi?"

"Ishirini na tisa na nusu."

Kicheko kikapita chumbani, na Maimunah akakiacha kipite. Alisema yaliyobaki akitazama mkeka.

"Siombi Mushtarii. Waliomchukua hawahesabu kwa mwezi. Walimchukua kwa kalenda ya serikali, na wakiachia watu wanaachia kwa kalenda ya serikali. Mkifunga shauri kwa mwezi, mtakuwa mmelifunga kabla wao hawajafungua lango. Mimi naomba mwaka wa waliomchukua. Sina mwingine wa kumtafutia."

Sheikh Marjani alifuta jicho lake lenye ukungu kwa kitambaa. Alifuta muda mrefu. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake. Hakuna nyumba ya Kinubi iliyotoka na idadi yake kamili.

"Njia yetu ni mwezi," hatimaye akasema, "na siibadilishi kwa ajili ya mtu. Lakini shauri la aliyepotea halifungwi kama mwenye shauri bado ana mahali pa kutafuta. Unapo?"

"Langoni."

"Pengine?"

"Hakuna."

"Basi nenda huko. Ukirudi peke yako, njoo hapa kabla hujaenda kwako."

Alikuwa ameshinda. Kutoka nyuma ya pazia Kulusum alikohoa mara moja. Maimunah aliaga wazee mmoja mmoja, akavaa ndala, akashuka kilima bila kuingia kule ndani. Alijiambia ni kwa sababu mgonjwa amelala.

Desemba ikaisha kwa vumbi. Maimunah aliendelea kwenda Kibuli, akaosha miguu ile, akapika uji, na Kulusum alimshukuru kwa kila kitu kwa adabu kubwa, adabu ya kumpa mgeni. Hakumtania tena. Jina la Huzaifa halikutajwa. Mara moja tu, Maimunah akimfunika shuka, kikongwe alifumbua macho akauliza, "Leo tarehe ngapi za kwao?" Maimunah akamtajia. Akafumba macho tena.

Alikufa wiki ya pili ya Januari, asubuhi, kabla jua halijapanda. Kufikia siku ya lango zilikuwa zimebaki kama siku kumi na tano.

Maimunah alikuwa miongoni mwa waliomuosha. Siku ya tatu wakasoma khitma, nyumba imejaa, wanawake ndani, wanaume uani chini ya turubai. Desturi yao ni kwamba ikifika dua ya mwisho, msomaji anataja wafu wa nyumba ile, jina kwa jina, kwa zamu walivyokufa, ili thawabu imfikie kila mmoja. Akataja baba yake Kulusum. Akataja mama yake, na mumewe. Akataja watoto, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hapo sauti ikasimama. Kila mtu alisikia ikisimama. Msomaji lazima alimtazama Sheikh Marjani, na Sheikh Marjani lazima alitikisa kichwa, maana sauti ikaruka pale, ikaendelea na marehemu Kulusum.

Bibi mmoja karibu na mlango akasema, hakumwambia yeyote, "Maskini. Amekwenda kumtafuta mwenyewe. Atamuuliza kila anayepita: mmemwona? Na huku mlijua."

"Hatukujua," Maimunah akasema.

"Mimi nimesema wewe?" bibi akamjibu, akageukia tasbihi yake.

Siku ya sikukuu ilipofika, Oloo alifunga karakana. "Leo hakuna sigiri," akawaambia wenzake. "Kampala itakula chakula baridi." Akachukua mwavuli mkubwa mweusi akamfuata Maimunah. Maimunah alimwambia asisumbuke. "Mama Mnubi peke yake watamsukuma," Oloo akasema. "Mkenya Mkristo mwenye mwavuli watafikiri ni mtu wa ubalozi."

Walisimama tangu asubuhi. Kutoka mjini zilisikika tarumbeta za sherehe. Wanawake walikuwa wachache kuliko mwaka uliopita. Wengine walikuwa wamechoka, wengine wamefunguliwa na wazee wao, wameolewa. Jua lilipokuwa utosini mlango mdogo ndani ya lango ukafunguliwa, wanaume wakatoka kwa mstari, wamebeba mifuko ya plastiki. Hawakuwa wengi. Wa nne alikuwa anatembea na bega moja limeshuka, kama mwalimu aliyezoea kubeba madaftari upande mmoja, na Maimunah akaondoka chini ya mwavuli bila kujua anaondoka. Alimfikia. Alikuwa kijana, mgeni kabisa, na bega lake lilikuwa limevunjwa likaungana vibaya.

"Samahani, kaka."

"Si neno, mama."

"Ulimwona mwalimu humo? Mnubi, mrefu, anaitwa Huzaifa."

Yule kijana alimtazama vizuri. Alikuwa anataka kumpa kitu, ungeona alivyokuwa anatafuta. "Walimu walikuwa wengi, mama," akasema.

Mstari ukaisha. Mlango mdogo ukafungwa. Askari mmoja aliyekuwa anakula muwa akawaambia waende nyumbani, leo sikukuu, washerehekee. Maimunah akakaa pale mpaka kivuli cha lango kikawa kirefu na kumfunika, na Oloo akasimama naye, mwavuli umefungwa.

Hakwenda kwake. Alikwenda Kibuli, kama alivyoagizwa, na Oloo akamsindikiza mpaka uani.

Sheikh Marjani alikuwa ameshafika, anamngoja. Muhamadi alimwona anaingia peke yake, akageuza uso kutazama ukuta. Baada ya sala ya magharibi wakakaa, wachache tu, na majirani wanawake wawili wakaja kukaa na Maimunah upande wake wa chumba. Sheikh akasema maneno yanayosemwa, kwamba muda umetimia, kwamba mtafutaji ametafuta, kwamba tangu saa hii Huzaifa anahesabiwa miongoni mwa wafu. Halafu akasita.

"Kuna kitu nauliza kabla ya kusoma," akasema. "Nitamweka wapi? Kwa sheria, mtu wa namna hii anakufa siku tunayotamka. Leo. Kwa hiyo anakuja baada ya mama yake. Lakini dua siyo mahakama. Mwenye kujua moyoni kwamba alikufa siku ile ile, naweza kumtaja mahali pake, kabla ya mama."

"Kabla," Muhamadi akasema haraka, sauti imekwaruza. "Mama awe amemkuta huko. Asiwe anamtafuta." Kisha akakumbuka siyo wa kuulizwa.

Wote walimngoja Maimunah. Na Maimunah aliliona jambo lilivyo, maana kichwa chake kilikuwa kimezoea kufuata kitu mpaka mwisho wake. Akitajwa baada, basi Huzaifa alikuwa hai Januari zote nne, na yeye alikuwa na haki ya kusimama, na hakuna mama aliyenyimwa chochote. Kulusum amekufa ana mwana hai. Ingekuwa nafuu. Angeweza kulala nayo. Akitajwa kabla, basi alikufa tangu pikapu ile, labda kabla haijafika hata mwisho wa barabara. Lango lote lilikuwa tupu tangu mwanzo. Na mwezi na nusu aliopigania mbele ya wazee, akaupata, ulikuwa wa Kulusum, na Kulusum aliuhitaji, na yeye ndiye aliyemnyang'anya.

Waliomchukua wanajua jibu. Mmoja wao lazima yu hai, ana wajukuu. Hakuna aliyekwenda kumuuliza amweke wapi.

"Mtaje kabla," Maimunah akasema.

Jirani mmoja akamshika mkono. Sheikh Marjani akainua viganja. Akawataja wazazi wa Kulusum, akamtaja mumewe, akawataja wale watoto wanne, na alipofika pale pa kusimama hakusimama. Akamtaja Huzaifa kwa jina lake lote, jina la baba, jina la babu, mpaka kwa yule wa kwanza aliyeletwa kwa miguu kutoka Sudani na bunduki ya watu wengine begani. Halafu Kulusum.

Muhamadi akatoka, akaenda uani. Oloo alikuwa bado amesimama pale, akingoja kumsindikiza Maimunah Katwe, na lazima mtu amwambie kwamba hatoki, eda imeanza.